Sentensi Iliyomrudisha Kaka Yangu Nyumbani

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo hata leo nikifumba macho naiona yote, kuanzia umande wa asubuhi mpaka vumbi la jioni. Ndiyo siku niliyosimama mbele ya afisa Mzungu mwenye bastola kiunoni, nikamwambia kwamba aliyoyasikia siyo yaliyosemwa. Keti hapa karibu, mwanangu, na hiyo simu iweke kando kidogo. Juzi ulipokuja kutoka hosteli kule Wendani ulinionyesha kazi yako ya chuo, mwalimu ameizungushia wino mwekundu mahali ulipoandika "both". Ukacheka, ukaniambia mimi bibi yako, "Cucu, si bora wameelewa?" Sikukujibu siku hiyo. Nilikuwa nasonga ugali, na jambo hili haliwezi kusemwa na mtu aliyeshika mwiko. Leo nina nafasi.

Maneno yako hayo, karibu yote, niliwahi kumwambia mwalimu wangu. Aliitwa Mwalimu Keziah. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya chini hivi kwamba darasa zima lilinyamaza ili limsikie. Miaka ile ya hamsini hukuwaona wanawake Waafrika wengi wakifundisha Kiingereza, na katika shule yetu ya wasichana, upande wa Thika, alikuwa peke yake. Sisi tulimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Alituambia tuandike tungependa kufanya nini tukimaliza masomo. Mimi nilijiona bingwa. Niliandika ukurasa mzima bila kufuta hata neno, na mahali fulani katikati nikaweka, "I want to teach both in Thika and Ruiru." Nilitaka kusema kwamba ningependa kufundisha Thika na pia Ruiru. Karatasi iliporudi, sentensi hiyo ilikuwa imepigiwa mstari. Nikainua mkono, nikamwambia kwa ile heshima ya mdomo tu ambayo wasichana wa umri ule wanaijua, kwamba sioni kosa, maana mtu yeyote akisoma ataelewa.

Mwalimu Keziah hakukasirika. Alituinua wasichana kadhaa, akatupanga mstari mbele ya darasa, kila mmoja akawa neno. Mimi nilikuwa "both". Rafiki yangu Mumbi alikuwa "in", akasimama upande wangu wa kulia, na baada yake msichana aliyekuwa "Thika". Kisha akaja wa "and", na mwisho kabisa, peke yake, msichana mmoja mwembamba aliyekuwa "Ruiru".

Mwalimu akatuambia tutazame. "Both" na "and" ni maneno mawili yanayotembea pamoja, akasema, na kila moja linapeleka mgeni nyumbani. "Both" amefuatwa na "in" na "Thika". "And" amefuatwa na nani? Na "Ruiru" tu. Yule mwembamba akaangalia huku na huku, akaona kweli hana mtu wa kumtangulia, na darasa likacheka. Basi Mwalimu akatuonyesha njia mbili. Ya kwanza, alimwinua msichana mwingine awe "in" wa pili, akamweka mbele ya "Ruiru", tukawa "both in Thika and in Ruiru". Ya pili, alimrudisha huyo kwenye dawati, akamtoa Mumbi pale alipokuwa, akamsimamisha mbele yangu mimi, ili awahudumie wote wawili, tukawa "in both Thika and Ruiru". Akasema zote mbili ni sawa, chagua moja. Kinachofuata neno la kwanza na kinachofuata neno la pili lazima vilingane. Na mambo ni hayo hayo kwa "either" na "or", kwa "neither" na "nor", kwa "not only" na "but also".

Niliporudi kuketi alinisogelea, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Wairimu, kueleweka na mtu anayekupenda si kazi. Hata mtoto mchanga anaeleweka na mamake. Mimi nakufundisha ueleweke na mtu ambaye hana haja ya kukuelewa."

Nilinuna, mwanangu. Nilinuna mpaka jioni. Lakini kwa sababu nilikuwa mkaidi, nilijiapia kwamba hatanikamata tena kwa kosa hilo. Nikawa natunga sentensi nikichota maji, nikifagia bweni, nikipanga foleni ya uji. Uji huu hauna sukari wala maziwa, nasema moyoni, kisha naigeuza sentensi hiyo kwa Kiingereza. Mumbi alichoka na mimi.

Sasa ngoja nikupeleke nyumbani. Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu wetu walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao na kukusanywa katika vijiji, nyumba zimebanana, na handaki limechimbwa kuzunguka. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Thika na Ruiru, juu ya mashamba ya kahawa, na kutoka nje yake ilibidi uwe na karatasi ya ruhusa. Mimi nilikuwa na yangu ya kwenda shule na kurudi. Baba alikuwa amefariki zamani. Nyumbani alikuwapo mama, na kaka yangu Ndirangu.

Ndirangu alikuwa fundi wa mashine. Hakuenda shule zaidi ya kujua kusoma jina lake, lakini injini ikikohoa alijua inaumwa wapi. Ndiyo sababu siku moja lori la shamba la mkonge la Ngoliba lilikuja kumchukua kwa haraka. Mashine yao ya kusindika mkonge ilikuwa imekufa, na msimamizi Mzungu wa shamba alikuwa amesikia habari zake. Alipandishwa lori bila karatasi yoyote, maana msimamizi mwenyewe ndiye aliyemchukua, na nani angemsimamisha? Akafanya kazi kule, akalala kule, mashine ikanguruma tena, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu.

Kumbe siku ile aliyokuwa Ngoliba, duka moja lilivunjwa Thika, na saa chache baadaye gari likapigwa mawe Ruiru. Amri ikatoka kwamba kila kijana aliyekuwa katika mojawapo ya miji hiyo siku hiyo bila ruhusa akamatwe. Mtu mmoja, sijui kwa chuki au kwa kuchanganya sura, akasema alimwona Ndirangu. Walimkamata barabarani kabla hajafika nyumbani. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na neno lake tu.

Shule ilikuwa imefunga, na mimi nilikuwa nyumbani. Mama hakulia. Alikaa karibu na jiko akikunja na kukunjua leso yake. Sote tulijua wanaume waliopelekwa kizuizini, na tulijua kwamba hakuna aliyeweza kutuambia watarudi lini. Majirani walikuja kutufariji, na mmoja wao, mama mwenye kusema ovyo, akamwambia mama kwamba sasa atabaki na msichana tu, na huyo msichana mwenyewe ni wa vitabu, hawezi hata kubeba mzigo wa kuni wa maana. Mama aliendelea kukunja leso yake. Mimi nilitoka nje.

Kesi zilisikilizwa katika kituo kimoja kidogo ambacho siku hizi hakipo tena. Kilikuwa banda la bati, meza moja, na mabenchi nyuma kwa ajili ya watu wa familia. Afisa alikuwa kijana, uso mwekundu kwa jua, amefika nchini juzi juzi. Hakujua Kikuyu na Kiswahili chake kiliishia kwenye jambo na chai. Pembeni yake alisimama karani wa kutafsiri, mtu mzima mwenye koti lililobana. Nisimseme vibaya yule karani. Hakuwa mtu mbaya, wala hakula hongo ya mtu. Alikuwa amesimama hapo tangu alfajiri, watu ni wengi, na Kiingereza chake alikuwa amekiokota jikoni kwa Wazungu, kipande kipande.

Mimi na mama tuliketi benchi la pili. Ndirangu akaletwa, mikono imefungwa mbele, uso umekonda. Afisa akauliza swali lake, na karani akaligeuza: siku ile, ulikuwa Thika au ulikuwa Ruiru?

Ndirangu akajibu kwa Kikuyu, wazi kabisa, mpaka mwenye benchi la mwisho akasikia. Alisema hakuwa Thika wala hakuwa Ruiru. Alikuwa Ngoliba, akitengeneza mashine.

Karani akamgeukia afisa, akasema, "He was not both in Thika and Ruiru."

Mwanangu, nililisikia kosa papo hapo. Unaona alichosema? Alisema kaka yangu hakuwa katika miji yote miwili. Lakini mtu asiyekuwa katika yote miwili anaweza kuwa alikuwa katika mmoja. Na afisa alisikia hivyo hivyo. Aliinua macho akauliza, basi katika hiyo miwili alikuwa mji gani? Habari ya Ngoliba karani hakufikia hata kuitaja, maana swali jipya lilikuwa limekwisha kuulizwa.

Ndirangu alipogeuziwa swali hilo alishangaa. Akarudia yale yale, sauti imepanda kidogo, kwamba amekwisha sema, hakuwa huku wala huko. Karani akafuta jasho. Akatafuta neno, akalipata, akaliweka mahali siyo. "Either he was not in Thika or Ruiru," akasema.

Afisa akaegemea kiti. Kwa masikio yake, mtu huyu kwanza alikana miji yote kwa pamoja, na sasa anasema labda hakuwa mmoja, labda hakuwa mwingine, kama mtu asiyejua mwenyewe alilala wapi. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba mshtakiwa anabadilisha maneno. Kisha akachukua kalamu.

Karibu yangu hakuna mtu mwingine aliyeelewa neno hilo la mwisho. Mama aliniuliza kwa kunong'ona, "Anasema nini?" Nilikuwa naiona kalamu. Watu wa mabenchi walikuwa wameonywa asubuhi kwamba atakayefungua mdomo bila kuulizwa atatolewa, na pengine atawekwa ndani. Karatasi yangu ya kwenda shule ilikuwa mfukoni, na nilijua inavyoweza kuchukuliwa kirahisi. Nilijua pia kwamba ile kalamu ikigusa karatasi, hakuna msichana wala mama yake atakayeweza kuirudisha nyuma.

Nikasimama. Mama akanishika sketi, lakini nilikuwa nimekwisha fungua mdomo.

"Sir," nikasema, "he was neither in Thika nor in Ruiru."

Askari alianza kunijia. Afisa akainua mkono kumzuia, akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni dada yake, na nasoma. Akaniuliza, je, hayo niliyosema siyo yale yale aliyosema karani?

Hapo ndipo nilipopata nguvu, mwanangu, kwa sababu hilo lilikuwa swali la darasani. Hakuniuliza habari za siasa, wala nani rafiki wa kaka yangu. Aliniuliza kuhusu "both" na "in", na hayo nilikuwa nimeyala na uji.

"No, sir," nikamjibu. "The clerk says he was not in both. My brother says he was in neither."

Yaani kwa karani hakuwa katika yote miwili, kwa kaka yangu hakuwa katika hata mmoja. Nikaendelea, polepole, kila neno mahali pake. Nikamwambia kwamba kaka yangu alikuwa Ngoliba, kwenye mashine ya mkonge, na kwamba alilala kule, na kwamba msimamizi wa shamba ndiye aliyemchukua kwa lori na anaweza kuulizwa. Watu wa mabenchi walinyoosha shingo. Walikuwa hawaelewi ninachosema, lakini walielewa kwamba mtu anasema na anasikilizwa.

Afisa aliweka kalamu chini. Akamtazama karani, na karani, Mungu ambariki popote alipo, hakujitetea. Alimgeukia Ndirangu, akamuuliza tena taratibu, kisha akamwambia afisa kwamba ndiyo, msichana amesema kama mtu mwenyewe alivyosema. Ilimpasa kuwa na moyo kusema hivyo mbele ya watu.

Kulikuwa na simu katika chumba cha pili. Afisa akaingia na kufunga mlango. Tulikaa tukisubiri, na sitakudanganya kwamba niliomba sala nzuri. Nilikuwa namwambia Mungu tu, baba, baba, baba. Tulimsikia akipiga kelele kwenye simu jinsi simu za zamani zilivyohitaji kupigiwa kelele. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Akamwambia askari amfungue. Msimamizi wa Ngoliba alikuwa amesema kwamba Ndirangu alikuwa kwake mchana na usiku, na zaidi ya hayo, alitaka kujua ni lini fundi yule atarudi, kwa sababu mashine ya pili nayo inasumbua.

Karani alipotafsiri hilo, kicheko kilitoka mabenchi yote. Hata Ndirangu alicheka huku akisugua vifundo vya mikono. Mama alisimama. Wanawake waliokuwa nje walipomwona kaka akitoka kwa miguu yake, bila askari, wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, na ngemi katika mahali kama pale, siku kama zile, hukuzisikia mara kwa mara.

Ningeishia hapo ingetosha. Lakini mzee aliyekuwa wa pili kwenye foleni, aliyeshtakiwa kwa jambo la ng'ombe waliovuka mpaka, alikataa kuketi. Akasema kwa Kikuyu kwamba yeye hatasema neno mpaka yule msichana wa kina Ndirangu aje amsemee. Wa tatu akasema hivyo hivyo. Karani akamweleza afisa wanachotaka, na badala ya kuona aibu, akavuta benchi dogo na kuliweka karibu na pale aliposimama. Akaniambia nikae, yeye atawauliza maswali na kuweka mambo sawa kwa Kikuyu, maana anawajua watu na mashauri yao, na mimi nitayavusha kwa Kiingereza. Afisa akakubali.

Basi nikakaa mezani, msichana wa sketi ya shule, mpaka foleni ikaisha. Yule mzee hakuwa amevusha ng'ombe kwa makusudi wala kwa uzembe, ua ndilo lililoanguka, na nilisema hivyo, na akaenda nyumbani. Wako waliokuwa na makosa ya kweli, na hao nilisema makosa yao kama walivyoyakiri. Lakini siku ile hakuna aliyehukumiwa kwa neno ambalo hakulisema.

Tulirudi kijijini jua likiwa linashuka, umati mzima, kama watu wanaotoka harusini. Ndirangu alitaka kunibeba mgongoni, nikakataa, nikamwambia mimi ni mtu wa serikali sasa. Yule mama wa kusema ovyo alitukuta langoni. Mama, ambaye hakuwa amesema mengi siku nzima, alisimama mbele yake akamwambia, "Huyu wa vitabu ndiye aliyenibebea mtoto wangu kumrudisha nyumbani. Sasa niambie kuhusu kuni." Kisha akapita. Mpaka leo, nikikumbuka alivyoinua kidevu, nafurahi.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza Mwalimu Keziah yote. Alisikiliza bila kunikatiza, akaniambia niandike sentensi yangu ubaoni, na darasa zima likasimama likaisoma kwa sauti mara ya kwanza, ya pili, mpaka wa darasa la jirani wakachungulia. Nilipoketi akaniuliza swali moja tu, kama nilimshukuru karani. Nilikuwa nimemshukuru, na nikaona kwamba hilo lilimpendeza kuliko sentensi yenyewe. Mimi nikaja kuwa mwalimu, nikafundisha Thika na Ruiru pia, kama nilivyotaka, na kila mwaka niliwasimamisha wasichana mstari mbele ya darasa.

Kwa hivyo sikiliza ninachokuambia, mwanangu. Mwalimu wako wa chuo hakuonei. Ukiandika "both", tazama kinachoifuata, kisha tazama kinachofuata "and", na kama "in" iko upande mmoja tu, ama ongeza nyingine ama isogeze mbele iwatumikie wote. Fanya hivyo hata kama msomaji ni rafiki yako, kwa maana siku utakayosema mbele ya asiye rafiki hutapewa muda wa kujifunza. Usiridhike na kueleweka nusu, katika Kiingereza wala katika Kikuyu wala katika Kiswahili hiki tunachozungumza. Neno la mtu mwingine likipitia mdomoni mwako, lifikishe lilivyo, usilipunguze wala kulipamba. Ukimwona mwenzako amekosea, simama useme, lakini mwachie mahali pa kukaa karibu nawe. Na ukijua jambo sawasawa, usingoje mtu akuruhusu kulijua.

Mungu wa mama yangu akae na ulimi wako. Akupe kusema wazi penye hofu, na kusikia vizuri penye kelele. Wanaokutegemea wasipotee kwa sababu ulinyamaza, na wala wasiumie kwa sababu uliharakisha. Mlango wowote utakaosimama mbele yake, ufunguke, na nyuma yako wapite wengi. Haya, inuka sasa, chai iko tayari.